Prosesere mupya mu ordinateri ya zamani: tuangalie joto kwanza, makuta kisha

Mu nyumba mingi za wafanyakazi wa migodi, kutoka Kipushi mpaka Kolwezi, ordinateri ya kubeba ni moja tu, na hiyo moja ni ya zamani. Ilitumika kwanza mu biro ya mutu fulani kule Ulaya ao Dubai, kisha ikafika kwetu ndani ya kontenere, ikauzishwa mara ya kwanza, mara ya pili. Juu yake mutoto wa iniversite anaandika TFC yake. Mama anaweka humo hesabu ya biashara. Sisi wa sendika tunaweka humo masaa ya nyongeza ya wandugu, fishi za malipo, barua za wajane wanaongojea haki yao. Siku inaanza kuwa muzito, mutu haende kununua mupya: anaibeba kwa fundi.

Na kwa fundi, siku hizi tunasikiaka neno moja: "Tubadilishe prosesere, kisha tuipige overkloki, itakimbia mara mbili." Neno ni tamu. Kuna fasi ni la kweli, na kuna fasi ni makuta ya kutupa mu mutaro. Tumeketi na mafundi wa kazi safi, tumefungua mashini za wandugu mbele yao, na tunaandika hapa yale tuliyoona ili mutu asitoe kipande cha mushahara bila kujua anacholipa.

PROSESERE INAFANYA KAZI GANI

Prosesere ni kipande kidogo sawa ukucha wa kidole, chenye kufanya hesabu zote za mashini. Mbio yake inaandikwa kwa gigaherzi (GHz). Kama imeandikwa 2,6 GHz, maana yake saa ya ndani yake inapiga mara bilioni 2,6 kila sekunde. Tena prosesere iko na mioyo, sawa kariere iko na ekipi. Mioyo 2 ni ekipi 2 zinazochimba pamoja. Mioyo 4 ni ekipi 4.

Tuchukue Dell Latitude E6430, mashini ya mwaka wa 2012 ambayo mafundi wanaijua muzuri. Mingi zilitoka na Intel Core i5-3320M: mioyo 2, mbio ya 2,6 GHz, na inaweza kupanda yenyewe mpaka 3,3. Fasi yake mutu anaweza kuweka Core i7-3632QM: mioyo 4, mbio ya 2,2 GHz, inapanda mpaka 3,2. Zote mbili zimepimwa kwa wati 35.

Ndugu atauliza: 2,2 ni kidogo kushinda 2,6, faida iko wapi? Faida iko mu hesabu ya ekipi. Kama kazi inaweza kugawanywa, kwa mufano kutengeneza video ya arusi ao kufungua programu kubwa tano pamoja, mioyo 4 inaimaliza mbele. Lakini kama kazi ni kuandika barua mu Word ao kujumlisha masaa mu Excel, ekipi moja inachimba na zile zingine zinaketi chini ya muti. Hapo mama wa biashara hataona tofauti yoyote, hata kama amelipa.

MARA MINGI MUGONJWA NI MWINGINE

Mbele ya kubadilisha prosesere, tumuulize mugonjwa mwenyewe anaumwa wapi. Mu Windows ya Kifaransa, finya pamoja Ctrl, Maj na Échap. Inafunguka "Gestionnaire des tâches". Angalia mistari mitatu wakati mashini inasumbua: Processeur, Mémoire, Disque.

Kama Disque iko 100% na Processeur iko 15%, prosesere haina kosa. Disiki ya zamani ni sahani ya chuma inayozunguka, mingi mara 5.400 kwa dakika, na mukono mudogo unaotafuta maandishi juu yake. Itoshe, weka SSD ya ukubwa ule ule wa inchi 2,5. Ni kazi ya skrubu ndogo, na mashini iliyokuwa inaomba dakika mingi ili iwake itawaka kwa sekunde. Hakuna prosesere ya dunia hii inayoweza kuponya disiki ya polepole.

Kama Mémoire iko 90% na kupita, mashini inakosa fasi ya kuweka kazi. Mashini ya giga 4 ipandishe mpaka 8. Ile Latitude tuliyotaja iko na fasi mbili na inakubali mpaka giga 16 za DDR3. Lakini mutu wa Lenovo ThinkPad T440p anunue DDR3L, ile ya volti 1,35. Herufi moja inabadilisha kila kitu. Beba kipande cha zamani unapoenda sokoni.

Paka kama Processeur njo iko 100% muda murefu, na Disque na Mémoire zinapumua, ndiyo tuanze kusema juu ya prosesere.

ZILE ZINATOKA NA ZILE HAZITOKE

Hapa njo wandugu mingi wanapoteza makuta. Kuna mashini ambazo prosesere inaingia mu sokete, inafungwa na skrubu ya plastiki, na inatoka. Kuna zingine ambazo imechomelewa juu ya karte kubwa kwa risasi nyeupe ya chini, mamia ya vidonge vidogo. Hiyo haitoke na mukono wa fundi wa kawaida.

Kwa Intel, soma herufi za mwisho wa jina. U maana yake imechomelewa: i5-4300U haibadilike. HQ vile vile. QM na MQ mara mingi ziko mu sokete. M peke yake inadanganya. Lenovo ThinkPad T420 na ThinkPad X220 ni za mwaka mumoja, 2011, na zote zinaweza kuwa na Core i5-2520M. Mu T420 iko mu sokete. Mu X220 imechomelewa. Jina moja, hali mbili. Tena T440p iko na sokete, na dada yake T440 bila p imechomelewa. Na kuanzia kizazi cha 5, namba inayoanza na 5 sawa i5-5300U, Intel haikutoa tena prosesere za ordinateri za kubeba zenye kuingia mu sokete. Mutu akikuambia atabadilisha prosesere ya mashini ya mwaka wa 2017, beba mashini yako, rudi nyumbani.

Ndugu mumoja wa ekipi ya usiku alipeleka X220 ya binti yake kwa mutengenezaji, wakati binti alibakiza wiki mbili za kuweka TFC. Aliahidiwa i7. Alilipa nusu mbele. Walipofungua wakakuta hakuna sokete. Fasi ya kumuita mwenye mashini, wakajaribu kuichomoa na moto. Mashini ikafa siku ile. Tulipofika, tulitosha disiki, tukaitia mu mashini ya biro ya sendika, na kazi ya binti ilikuwa humo nzima. Disiki ikiwa hai, maandishi yako hai, hata kama karte imeungua. Lakini karte haikurudi, na yale makuta ya mbele ilibidi tuende watatu kuyadai.

KILA SOKETE NA WATU WAKE

Hata mahali sokete iko, haikubali kila mutu. T420 inachukua kizazi cha 2. Ukiweka kizazi cha 3, miguu inaingia sawasawa, lakini na BIOS yake ya kiwanda haiwake. T440p inachukua kizazi cha 4 tu. Kwa T440p iliyotoka na i5-4300M (mioyo 2, wati 37), wengi wanaweka i7-4710MQ (mioyo 4, wati 47). Ni mabadiliko ya kweli, mutu wa video ataona. Lakini wati 10 hizi zinatoka kwa nani? Zinatoka ku sharja. Mashini hiyo iliuzishwa na sharja ya wati 65 ao ya wati 90. Ukiweka mioyo 4, tafuta ile ya 90, kama hapana itapunguza mbio yenyewe na bateri haitajaa wakati unatumika.

Neno lingine la kusema wazi: Microsoft iliacha kutengeneza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inaomba, kwa Intel, kizazi cha 8 na kupita. Kuweka i7 ya kizazi cha 3 ao cha 4 hakufungue mulango huo. Mwenye mashini kama hii anaweza kuweka Linux Mint, ambayo ni ya bure, inasema Kifaransa, na LibreOffice yake inafungua fishi zetu za Excel.

KAZI YENYEWE

Fundi wa kweli anaanza kwa kukopi maandishi yako juu ya disiki ingine. Anapandisha BIOS ikiwa kiwanda kilitoa ya mupya, wakati prosesere ya zamani ingali ndani. Kisha anatosha sharja na bateri, anafinya buto ya kuwasha sekunde chache ili umeme uliobakia uishe, anagusa chuma mbele ya kugusa karte.

Anatosha ventilateri na radiatere yake kwa kufungua skrubu kufuata namba zilizoandikwa. Sokete inafungwa na kufunguliwa kwa nusu muzunguko wa turnevisi ya bapa. Prosesere inanyanyuliwa juu moja kwa moja, bila kuipindisha, kwa maana iko na miguu karibu elfu moja nyembamba kama nywele. Ile ya mupya inawekwa kwa kufuata alama ya pembe tatu ku kona. Inaingia na uzito wake mwenyewe. Ukiona fundi anaisukuma na kidole, mwambie asimame.

Kisha anapangusa pate ya zamani na alkoli, anaweka pate mupya, tone kama punje ya muchele, si zaidi. Pate hiyo njo inapitisha joto kutoka prosesere kwenda ku shaba. Kisha miaka mingi inakauka sawa udongo wa kiangazi, na joto linakosa daraja.

OVERKLOKI: ILE AHADI YA MARA MBILI

Mbio ya prosesere ni hesabu ya kuzidisha: mupigo wa msingi mara namba fulani. Core 2 Duo T7300 ya mwaka wa 2007 iko na mupigo wa 200 na namba 10. 200 mara 10 ni 2.000, ni kusema 2,0 GHz. Kufanya overkloki ni kupandisha mupigo ao kupandisha namba, kupita ile kiwanda kilipima.

Mu zile Core 2 Duo, vijana wenye mikono myepesi waliunganisha miguu fulani ya prosesere ili mashini iamini kama mupigo ni 266. Ile 2,0 GHz inakuwa 2,66. Lakini karte nayo inapaswa kukubali 266. Kama haikubali, mashini haiwake kabisa. Na hata ikikubali, tulihesabu: ni tatu kwa tisa tu, ni kusema sehemu moja juu ya tatu. Ile "mara mbili" haiko.

Kuanzia kizazi cha 2, mwaka wa 2011, mulango huo ulifungwa. Mupigo wa msingi ni 100, na mupigo huo huo njo unaongoza pia njia za disiki na za USB. Ukiupandisha asilimia chache tu, vingine vinaanguka. Na ile namba ya kuzidisha Intel iliifunga mu prosesere karibu zote za kubeba; iliiacha wazi mu chache za bei kali, sawa i7-2920XM ya wati 55, ambayo radiatere ya mashini nyembamba haiwezi kubeba. Kwa hiyo mutu anayekuuzia overkloki ya i5-3320M ao ya i5-4300M anakuuzia kitu ambacho hakiko mu sanduku lake.

JOTO NJO MUKUBWA WA KAZI

Tuseme sasa siri ambayo haiuzishwe. Prosesere hizi ziko tayari na overkloki ya kiwanda, inaitwa turbo. Ile i5-2520M imeandikwa 2,5 GHz, lakini inapanda yenyewe mpaka 3,2 ikiwa iko na ubaridi. Ikikaribia digri 100, inajishusha ili isiungue, ikizidi, inajizima. Mashini iliyojaa vumbi ya Kolwezi, vumbi ile nyekundu tunaijua wote, mu ventilateri na mu mapengo ya radiatere, haifike ku 3,2 hata siku moja. Wakati mwingine haifike hata ku 2,5. Mwenye nayo anasema prosesere imezeeka. Haizeeke, inakosa hewa.

Wenye kushuka chini ya udongo hawahitaji mwalimu juu ya hili. Mukubwa wa kazi anaweza kuongeza tani anazoomba kila siku, lakini kama hakuongeza hewa na pompo, watu watachoka, watapunguza, na siku moja mutu ataanguka. Hakuna tani bila ventilasyo. Sendika inalisema kila mwaka ku meza ya mazungumzo, na prosesere inalisema kwa lugha yake ya digri.

Hesabu inatusaidia. Joto la prosesere linapanda pamoja na mbio, lakini linapanda pamoja na volti mara mbili: volti kuzidisha volti, kuzidisha mbio. Ongeza mbio asilimia 10 na volti asilimia 10: 1,1 mara 1,1 mara 1,1 ni 1,33. Umepata moja ya kumi ya mbio, umelipa moja ya tatu ya joto. Wati 35 zinakuwa karibu 47, na radiatere ni ile ile. Kinyume chake nacho ni kweli. Mu mashini za kizazi cha 4, programu ThrottleStop inaruhusu kushusha volti kidogo kidogo. Joto linapungua, na turbo inadumu. Ukishusha sana mashini inajizima ghafla, basi rudisha hatua moja.

Ile radiatere ndogo, wandugu, ni mukuba wetu. Bomba bapa la shaba, tupu ndani, na maji kidogo sana yanayogeuka mvuke upande wa moto na kurudi maji upande wa baridi. Shaba inapitisha joto vizuri sana, kushinda aluminiumu. Na bateri mingi za ordinateri ziko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu nchi hii. Kitu ambacho mikono yetu ilichimba kimezunguka dunia, kimerudi kwetu cha kutumika, na vumbi ya kwetu inakiziba. Tukipanguse.

UMEME TUNAOPATA

Delestaje nayo iingie mu hesabu. Prosesere ya wati 47 inapofanya kazi kwa nguvu inamaliza bateri mbele ya ile ya 37. Mutu anayefanya kazi usiku na bateri, ao na grupu inayokula mafuta, mioyo 4 inaweza kumuletea shida kushinda faida. Tena umeme unaporudi na kishindo, unaua sharja na karte. Mwenye makuta kidogo anunue kwanza kifaa cha kuzuia kishindo, kisha SSD, kisha memwari. Prosesere inafuata nyuma.

MBELE YA KUTOA MAKUTA

Hii njo mipango tunayofuata mu biro yetu. Kwanza kusafisha ventilateri na kuweka pate mupya, kisha kupima joto na programu ya bure sawa HWiNFO ao Core Temp. Kama bado, SSD. Kama bado, memwari. Kama Processeur ingali 100% na sokete iko, hapo prosesere, ya kizazi kile kile, na wati zile zile kama inawezekana. Kama bei ya kipande na kazi ya fundi inapita nusu ya bei ya mashini ingine ya kutumika iliyo nzuri, tunaacha. Overkloki hatuilipie.

Na kwa fundi, muulize maneno haya mbele ya watu: Prosesere yangu iko mu sokete ao imechomelewa? Ile unaweka ni namba gani, wati ngapi? Karte yangu na BIOS yangu zinaikubali? Umekopi maandishi yangu wapi? Nitaona digri ngapi kisha dakika 30 za kazi nzito? Fundi wa kweli hakasirike. Anajibu akiendelea kufungua skrubu.

Andikeni mapatano juu ya karatasi, hata kama ni fundi wa avenue yenu: namba ya prosesere inayotoka, namba ya ile inayoingia, bei, na siku ngapi za garanti. Msilipe yote mbele. Mashini ikiwashwa, someni jina la prosesere mu BIOS, si juu ya karatasi ya kubandika. Na ile ya zamani irudishwe mukononi mwenu, imefungwa vizuri, miguu ikiwa imenyooka. Ni mali yenu, na ile mupya ikikataa kesho, hiyo njo itakayowasha mashini tena.